Kumpiga picha bundi msituni Usambara bila kumhamisha kwenye tawi lake

Kama unataka picha ya maana ya bundi, mtafute mchana. Wengi wanafanya kinyume, wanaingia msituni saa 2 usiku na tochi kali, wanamulika kila tawi mpaka waone macho yanang'aa, wanapiga flashi tatu nne za haraka haraka, bundi karuka, wanarudi na picha ya macho mekundu na nyingine ya tawi tupu. Bundi ni ndege wa mazoea. Mchana analala sehemu yake ileile, mara nyingi tawi lilelile, wiki baada ya wiki kama hakuna anayemsumbua, kwa hiyo kazi kubwa ni kulijua hilo tawi halafu uwe umeshatulia pale jua likizama, yeye anapoamka. Picha zenyewe ni suala la dakika chache tu, mengine yote ni maandalizi.

Nawaandikia zaidi mlioko Tanga au mnaokuja Tanga, na safari hii ile ya waja leo waondoka leo muiweke pembeni kidogo, bundi hataki mtu mwenye haraka, lala angalau usiku mmoja au miwili. Kutoka Tanga mjini unakwenda Muheza, pale nunua machungwa yako, halafu unapanda kwenda Amani kwa ile barabara ya udongo inayopitia Kisiwani na geti la Sigi. Kukinyesha inateleza kwelikweli, kwa hiyo kama unakodi bodaboda tafuta dereva wa hukohuko aliyeizoea, na begi la kamera livae mgongoni, lisifungwe nyuma kwenye keria. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, viingilio unalipia na muongozaji unampata, na kwa shughuli za usiku muongozaji siyo hiari, chukua. Mwambie mapema kabisa kwamba unataka bundi, maana wengi wao wanajua wapi analia nani, ila wamezoea wageni wanaotaka vinyonga na vipepeo kwa hiyo usipouliza hawakwambii.

Sasa ni bundi gani hao? Hapa ndipo utamu ulipo. Anayeanza namshauri aanze na bundi wa msituni, yule wa kahawia mwenye macho meusi, kichwa cha mviringo hakina masikio ya manyoya, kifuani ana mistari myeupe na ya kahawia, wataalamu wanamwita Strix woodfordii. Huyu yuko sehemu nyingi, analia hadi karibu na nyumba za wageni, dume na jike wanaitikiana, mmoja sauti nzito mwenzake nyembamba kidogo, huu-hu, huu-hu-hu, ukishamsikia mara mbili hutamsahau tena. Kuna yule mkubwa wa Usambara, karibu nusu mita kwa urefu, ambaye alielezwa kisayansi mwaka 1908 na akapewa jina la Vosseler, mzoolojia Mjerumani aliyekuwa Amani enzi za kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa 1902. Siku hizi wataalamu wengine wanamhesabu kama aina ndogo ya bundi wa Fraser wa Afrika Magharibi na Kati lakini kwetu sisi huyu ni wa Usambara na ukimpata umepata kitu. Anakaa juu kwenye miti mirefu, mara nyingine pembezoni pale msitu unapopakana na mashamba ya chai.

Halafu kuna bundi mdogo wa Sokoke. Jamani, huyu ndege ni mdogo, sentimita 17 hivi, uzito gramu 50 tu, unaweza kumpita ametulia usawa wa uso wako usimuone kwa sababu anafanana na jani kavu, wapo wa kijivu, wa kahawia na wale wenye wekundu wa kutu. Aligunduliwa Kenya, msitu wa Arabuko-Sokoke, mwaka 1965, ikaaminika yuko huko tu, mpaka 1992 alipopatikana kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, yaani upande wetu. Dunia nzima hana kwao kwingine zaidi ya pwani ile ya Kenya na huku. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka na mimi kwa maoni yangu huyu asitafutwe na mtu anayejifunza, kaa kwanza na bundi wa kawaida mpaka mwili wako uzoee kutulia, ndipo uje kwa huyu, tena na muongozaji anayemjua.

Asiyeweza kupanda Amani asikate tamaa. Tanga mjini kwenye majengo ya zamani na maghala yuko yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anapiga ukelele kama kitambaa kinachanwa. Kwenye mapori ya wazi na mashamba ya mkonge yupo bundi wa madoadoa mwenye masikio ya manyoya na macho ya njano. Na ukienda upande wa Saadani kwenye miti mikubwa angalia bundi mkubwa kuliko wote Afrika, wa kijivu, kope zake za waridi, akifumba macho mchana unaziona kabisa hata kwa darubini ya kawaida.

Tuje kwenye kumtafuta. Ukiingia msituni asubuhi angalia chini kwanza kabla ya juu. Unatafuta vitu viwili, kinyesi cheupe kimechuruzika kwenye shina au kimetapakaa kwenye majani ya chini, na matonge. Bundi anameza windo lake zima zima au kwa vipande vikubwa, halafu yale yasiyosagika, mifupa na manyoya, anayatapika baadaye yakiwa tonge moja. Likiwa bichi ni jeusi linang'aa, likikauka linakuwa la kijivu. Liokote, livunje taratibu kwa vijiti viwili (nawa mikono baadaye), ndani utakuta taya la panya na yale meno yake ya mbele ya rangi ya chungwa, vifuvu vidogo, kwa bundi wadogo mabawa ya mende na miguu ya panzi. Tonge bichi maana yake mwenyewe alikuwa hapo jana au leo. Ukikuta matonge ya umri tofauti chini ya mti mmoja, mabichi juu ya makavu, basi hapo ndipo nyumbani, usihangaike kwingine.

Alama ya pili ni kelele za ndege wadogo. Shorewanda, chozi na mramba wakimgundua bundi mchana wanamkusanyikia wanapiga makelele hawanyamazi, wanamrukia karibu na kichwa. Ukisikia vurugu ya namna hiyo asubuhi kwenye kichaka kizito au kwenye mfenesi wenye majani mengi, nenda taratibu, inaweza kuwa nyoka, inaweza kuwa bundi, vyovyote iwavyo kuna kitu pale. Na kwa sababu inaweza kuwa nyoka, gambuti ni lazima, kifutu analala kwenye majani makavu na haondoki kwa kusikia hatua zako. Siafu nao, kabla hujaweka traipodi (kile kisimamio cha kamera cha miguu mitatu) angalia unaposimama.

Jioni iliyotangulia usiende kupiga picha, nenda kusikiliza tu. Kaa sehemu moja kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, simu kimya, andika kwenye kidaftari sauti imetoka upande gani na saa ngapi. Bundi wengi wanalia pale wanapoamka kabla hawajaondoka kwenda kuwinda, kwa hiyo sauti ya kwanza kabisa ya jioni inakuonyesha alikolala. Rudi kesho yake asubuhi upande huohuo uangalie chini ya miti. Njia hii ni ya polepole lakini inafanya kazi kuliko kuzunguka na tochi usiku kucha.

Watu sasa, na hili naomba mlichukulie kwa uzito. Bundi kwetu ni ndege wa uchuro, akilia juu ya paa watu wanasubiri msiba, na wapo wanaomsaka kwa ajili ya uganga. Wewe unaonekana jioni unazunguka pembeni mwa mashamba ya iliki na mdalasini, umevaa nguo nyeusi, umebeba mzigo, unamuulizia bundi. Unategemea nini? Kabla ya yote nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe, muongozaji wako asimame na wewe, kitambulisho mkononi, kamera itoe uionyeshe. Kisha wenye mashamba, mmoja mmoja. Kuna mzee mmoja upande wa Kisiwani tulimpitia jioni akiwa anaanua karafuu, nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, wajukuu zangu mwatafuta nini na giza laingia hili? Tukamwambia bundi. Akasimama kabisa. "Bundi? Huyo si ndege wa kutafutwa huyo, huyo wa kukimbiwa." Muongozaji hakubishana naye, alitoa mfukoni tonge tuliloliokota chini ya mkuyu wa huyohuyo mzee, akalifungua kwenye kiganja, akamuonyesha mataya ya panya, moja, mbili, tatu. Mzee akayageuza kwa kidole. Akauliza, hawa ni hawa wanaonimalizia mahindi ghalani? Ndiyo haohao. Akakaa kimya kidogo, halafu akatuonyesha njia fupi ya kufika nyuma ya ule mkuyu bila kukanyaga mihogo yake, na akasema akisikia vijana wanaupiga mawe ule mti atawafukuza. Huyo bundi alipata ulinzi kwa tonge moja, kwa hiyo beba matonge, na usimdharau mtu kwa anachokiamini, muonyeshe tu.

Umeshampata kwenye tawi lake. Usimsogelee moja kwa moja, usimkazie macho, pita kama unayekwenda zako kwa mshazari, simama, subiri, sogea tena hatua chache. Bundi anakusoma, nawe jifunze kumsoma. Akiwa amevimba manyoya, amefumba macho, kasimama mguu mmoja, yuko raha mustarehe. Akijinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, manyoya yamebana mwilini, macho ameyaacha uwazi mwembamba tu, hiyo siyo pozi ya kukupendezesha, ameogopa na anajificha, hapo umeshasogea kuliko inavyotakiwa, rudi nyuma mpaka alegee. Akianza kugonga mdomo, ta-ta-ta, au kuinama huku ametanua mabawa, ondoka, yawezekana ana makinda karibu. Mkifika pale kwenye mdomo kugongwa mmeshachelewa kuondoka kwa kweli. Bundi akirushwa mchana anakutana na wale ndege wadogo wote na hata tai, akifukuzwa mara kwa mara analihama tawi, na kazi yako yote ya wiki imekwisha. Kwenye kiota usiende kabisa, hata kama ni pango la mti liko usawa wa kifua na linakuita.

Kuhusu vifaa sitawachosha. Lenzi ya 300mm inatosha kuanzia, 400 ni nzuri zaidi, ila kitu ambacho huwezi kukikwepa ni traipodi, maana chini ya miti ya Amani hata saa 6 mchana mwanga ni hafifu na jioni ndiyo kabisa. Habari njema ni kwamba bundi aliyepumzika hatikisiki, anaweza kukaa kama sanamu dakika nzima, kwa hiyo kwenye traipodi unaweza kushusha shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga, hadi 1/60 ya sekunde, 1/30, na mwenye mkono mwepesi hata 1/15, ukitumia waya wa kubonyezea au kile kitaima cha sekunde 2 ili usiitikise kamera kwa kidole. Piga nyingi mfululizo, kumi au ishirini, moja kati ya hizo itakuwa kali. Lenzi ifungue wazi iingize mwanga, f/4 au f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) anzia 1600 upande 3200, 6400, usiogope chengachenga, zile nukta nukta za picha ya gizani, picha yenye chengachenga inatengenezeka kwenye kompyuta, iliyotikisika haitengenezeki. Piga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Zima kile kitaa cha kusaidia fokasi na zima sauti zote, kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina shata ya kimya kabisa, iwashe. Fokasi weka kwenye jicho lililo karibu nawe, na kama majani yanaichanganya kamera hamia kwenye fokasi ya mkono, kuza picha kwenye skrini uizungushe mpaka uone mistari ya manyoya kuzunguka jicho.

Macho ya bundi hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu, akitaka kuangalia pembeni anageuza kichwa chote, anaweza kufika mpaka nyuzi 270. Faida kwako ni kwamba huhitaji kuzunguka mti kutafuta uso wake wala kupiga mluzi, tulia tu, atageuka mwenyewe, sauti ya panya kwenye majani au tawi limeanguka, anageuka. Uwe tayari na kidole kwenye kitufe. Na uangalie mbingu nyuma yake, kama kuna mwanya mweupe kati ya majani kamera itadanganyika, bundi atatoka mweusi tii, ongeza mwanga stopu 1 (yaani mara mbili) au zaidi, au bora usogee hatua mbili kulia au kushoto upate shina au majani nyuma yake badala ya anga.

Wakati mzuri kuliko wote ni ile nusu saa ya mwisho. Huku kwetu jua linazama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro robo kutegemea mwezi, na giza linaingia upesi, hatuna jioni ndefu. Kama nusu saa kabla anaanza kuamka, anafumbua jicho moja, anajikuna, anajinyoosha bawa moja na mguu mmoja kwa pamoja upande uleule, anajikung'uta manyoya, mara nyingine anatapika tonge mbele yako kabisa, kichwa mbele, mdomo wazi, ni sekunde chache mno. Hizi ndizo picha. Picha ya bundi kalala kila mtu anayo, lakini bundi anayejinyoosha anaonyesha ndege mzima alivyo. Hapo pandisha shata kidogo, 1/125 kama mwanga unaruhusu. Jua likishazama kabisa acha kuhangaika na manyoya, mpige kivuli chake dhidi ya anga la bluu, umbo la bundi peke yake linajieleza.

Baada ya hapo ni usiku na mimi kwa usiku ni mgumu kidogo. Flashi ya moja kwa moja siitaki, mboni zake zimetanuka kabisa zinakusanya kila chembe ya mwanga na wewe unampasulia mwanga usoni halafu unategemea akaruke kati ya matawi. Ukilazimika tumia tochi dhaifu, ielekeze pembeni yake au kwenye majani ya chini, imfikie ule mwanga wa kingo tu, kwa sekunde chache, halafu zima. Kama anawinda usimmulike kabisa. Kucheza sauti yake kwenye simu ili aje, hapana. Yeye anadhani kaingiliwa na bundi mwingine kwenye eneo lake, anaacha kuwinda anakuja kupigana na spika, na kwa yule mdogo wa Sokoke waliobaki wachache hilo ni kosa lisilo na utetezi. Panya wa kumtegea vilevile hapana.

Wa simu nao wanaweza. Darubini nzuri, weka lenzi ya simu kwenye kile kioo cha darubini unachochungulia, darubini yenyewe iegemeze kwenye uma wa mti au traipodi, tafuta mpaka duara la giza liondoke, gusa skrini kwenye jicho la bundi, shusha mwanga kidogo. Nimeona picha za namna hiyo za yule bundi wa ghalani mjini Tanga ambazo mwenye kamera ya mamilioni angezionea wivu.

Unyevu. Amani juu kuna baridi na ukungu, Muheza na Tanga chini ni joto na jasho, ukishuka na kamera ya baridi ukaitoa tu kwenye begi kioo kinajaa umande hapohapo, na ukifungua lenzi ndiyo umeuingiza ndani. Iache kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto lenyewe, saa nzima hivi. Weka vile vipakiti vya kunyonyea unyevu. Masika, Machi hadi Mei, njia ni mbaya na mvua haikupi nafasi, mimi napenda zaidi kuanzia Juni mpaka Septemba. Dawa ya mbu jipake mapema na unawe vidole, zingine zinakula mpira wa kamera, lakini jipake, Sigi na Muheza malaria ipo.

Ukirudi nyumbani punguza chengachenga kwa kiasi, ukizidisha manyoya yanakuwa kama plastiki, usimpachike mwezi ambao haukuwepo, na tawi lililokatiza mbele ya mguu liache, ndiko anakoishi huko. Kabla hujairusha picha mtandaoni futa kumbukumbu ya mahali iliyojificha ndani ya faili, kwenye simu nyingi unaikuta kwenye maelezo ya picha, na kwenye maneno yako andika "Usambara Mashariki" inatosha, usitaje kitongoji wala mkuyu wa nani. Wakikuuliza inboksi swali la mahali kamili, waelekeze geti la Sigi wakachukue muongozaji.